Jogoo wa Bibi Tsonka na Taa za Lyuben

Kwarakwacha. Kimya. Kwarakwacha.

Nilifumbua macho gizani nikasikiliza. Alfajiri ya Desemba kwetu ni giza totoro mpaka saa moja na zaidi, na sauti ile ilitoka jikoni. Nikadhani panya kaingia kwenye mfuko wa unga. Nikaokota ndala, nikanyata, nikawasha taa ghafla, mkono juu tayari kupiga.

Hakuwa panya. Alikuwa mume wangu Lyuben, kakaa kwenye kigoda cha mtoto na soksi zake za sufu, anachana nailoni ya kifurushi kidogokidogo kama mwizi.

"Usinipige," alisema. "Ni balbu."

"Balbu za nini saa hizi?"

"Za gari. Zile za mwanga mkali mweupe, za zenoni." Neno hilo alilitamka taratibu, kama mtu anayetaja jina la mtoto mchanga kwa mara ya kwanza.

Gari letu ni la kijani na limeizidi ndoa yetu umri kwa miaka kumi na tatu. Vioo vya taa zake za mbele vilikuwa vimeingia ukungu, na mwanga wake ulikuwa kama chai ya jana. Sasa barabara ya kutoka mjini mpaka kijijini kwetu ina kilomita sita za msitu bila nguzo hata moja ya taa, na nguruwe mwitu huikatiza kana kwamba waliichonga wao. Jumanne na Alhamisi mimi husoma masomo ya jioni mjini, namalizia sekondari niliyoiacha nilipokuwa na mimba ya binti yetu Raya, na Lyuben ndiye hunifuata. Novemba, nguruwe jike na watoto wake saba walitukatiza njia. Sisi tuliwaona wakati wao wameshatuona. Tangu siku ile Lyuben alikuwa akigeukageuka kitandani.

"Kwa hizi," aliniambia pale jikoni, akiinua balbu moja kwenye mwanga, "nguruwe utamwona akiwa bado nyumbani kwake anavaa viatu."

Ungemgombeza vipi mtu wa namna hiyo? Nikashusha ndala, nikaweka maji ya kahawa jikoni.

Jumamosi alizifunga. Kwanza alisugua vioo vya taa kwa dawa ya meno, maana kuna mtu kazini alimwambia inaondoa ukungu. Yetu ilipokwisha akachukua ya Raya, na tangu hapo gari letu likanukia stroberi. Kisha akasoma kwenye boksi kwamba balbu hazitakiwi kuguswa kwa vidole vitupu, akatafuta glavu safi nyumba nzima. Niliporudi kutoka kuanika nguo nikamkuta kainama ndani ya boneti, mikono imemeremeta kwa glavu zangu za harusi, zile za lesi.

"Lyuben!"

"Zilikuwa zimekaa tu, Deni. Angalau leo zina kazi."

Jirani yetu Bibi Tsonka alikuwa ameegemea ua akitazama. Ana miaka themanini na mmoja, kuku tisa, na jogoo mmoja mwekundu anayeitwa Doncho. Jina hilo jogoo alilirithi kutoka kwa marehemu shemeji wa bibi, ambaye, kwa maneno ya bibi mwenyewe, naye alikuwa na shingo nyekundu na hakujua kunyamaza. Doncho ni rafiki wa Raya. Kila asubuhi Raya humpelekea kipande cha mkate, naye hukidonoa kwenye kiganja chake taratibu bila kumuumiza. Septemba Raya alipoanza chekechea mjini na kulia kila siku, Doncho alikuwa akitembea upande wa pili wa ua, hatua kwa hatua naye, mpaka ua unapoishia. Wiki ya tatu Raya akaacha kulia. Mimi sijui jogoo anawaza nini, ila hilo sitalisahau.

Giza lilipoingia Lyuben akawasha taa. Kwanza zikapepesa kwa rangi ya zambarau, kisha zikawa samawati, kisha zikawa nyeupe hivi kwamba paka aliyekuwa juu ya ukuta aliganda kama amepigwa picha ya kitambulisho. Mwanga ulipanda mti wa mpopla mpaka kileleni, ukavuka paa la Bibi Tsonka, ukaigusa kengele ya kanisa.

"Mnaona?" Lyuben alipiga kelele kwa furaha. "Mnaona?"

"Mimi naona mpaka dhambi zangu," Bibi Tsonka alijibu, kaficha uso kwa aproni.

*

Hapo lazima niseme jambo moja kuhusu barabara zetu. Ukipita mahali trafiki wamejificha, unampigia taa dereva anayekuja mbele yako. Hata kama mna kesi ya mpaka wa shamba, unampigia. Naye anapunguza mwendo, anavuta mkanda, anakupungia mkono wa shukrani. Hakuna aliyetufundisha hilo, tumekua nalo.

Jumatatu Lyuben alirudi kutoka kazini, kwenye karakana ya samani, akiwa amevimba kifua.

"Deni, watu wananisalimia."

"Watu gani?"

"Madereva! Kila ninayepishana naye ananipigia taa, anapunguza mwendo, ananipungia. Mwanzo nilidhani trafiki wako mbele, nikatambaa mpaka nyumbani, hakuna mtu. Basi nikaelewa. Ni taa. Wanazipongeza."

"Na mwendo wanaupunguzia nini?"

"Waziangalie vizuri. Leo kumi na mmoja. Dereva wa basi kaninyooshea dole gumba."

Alikaa mezani akala maharage yake huku anapiga mluzi. Nilimtazama nikashukuru. Miezi miwili nyuma walikuwa wamemtoa kwenye mashine yake pale karakana wakampa ufagio, mpaka mambo yatakapokuwa mazuri, walisema. Tangu siku hiyo mluzi ulikuwa umepotea nyumbani kwetu.

Jumatatu hiyohiyo ndipo Doncho alipowika saa kumi na mbili jioni.

Geti letu linatazamana na banda la kuku la Bibi Tsonka, na kijia kimeinuka kidogo, kwa hiyo gari likipanda taa zinaingia moja kwa moja kwenye kidirisha cha banda. Bibi Tsonka wakati wa baridi hulala giza likiingia, kuokoa kuni. Aliposikia jogoo akaamka, akavaa, akawasha jiko, akakanda unga wa banitsa, ule mkate wetu wa jibini, akafungua redio. Mtangazaji akasema habari za jioni. Bibi Tsonka akamgombeza mtangazaji kwamba amelewa. Ni pale alipotoka kwenda kulisha kuku ndipo aliponiona naanua nguo.

"Deni mwanangu, mbona mnaanua nguo asubuhi?"

"Bibi, ni jioni."

"Jioni ya lini?"

Jumanne vilevile. Jumatano vilevile, na sasa kuku walikuwa hawatagi. Mmoja alisinzia mchana akiwa amesimama, akaangukia kwenye chombo cha maji. Bibi Tsonka alikuja kwetu akakaa jikoni bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Jogoo anayewika jioni anaita jeneza," alisema. "Bibi yangu alisikia mmoja, na akafa."

"Alikuwa na miaka mingapi?" Lyuben aliuliza.

"Tisini na sita. Lakini alikufa!" Akagonga meza. "Jumamosi ni sikukuu ya Mtakatifu Ignati. Mwaka wa kuku unaanza. Siuanzi na jogoo mwenye mkosi. Ijumaa nanoa shoka, Jumamosi anaingia sufuriani, na ninyi nitawaletea bakuli."

Raya alikuwa chini ya meza na wanasesere wake. Akatoa kichwa.

"Nani anaingia sufuriani?"

Sote watatu tukatazama dirisha la upande wa banda, naye akajua. Hakupiga kelele. Alirudi chini ya meza, na jioni ile kijiko chake kilibaki safi.

Nilipomlaza alinishika shingo. "Mama, Doncho huamka baba akija."

"Unasemaje?"

"Baba akija na taa. Doncho anadhani baba ni jua."

Nikakaa pembeni ya kitanda chake. Miaka minne! Sisi wakubwa watatu tulikuwa tumezungumza habari za majeneza.

Nikamwendea Lyuben sebuleni nikamwambia. Hakutaka kusikia.

"Jogoo yule kazeeka, saa yake imeharibika. Barabara nzima inanisifu, halafu wewe mke wangu unaniletea habari za kuku?"

Alisema kwa sauti ndogo, bila hasira. Ningeweza kubishana na hasira. Furaha ambayo mtu ameisubiri miezi miwili sikujua naizima vipi.

*

Alhamisi asubuhi gari la mikate lilifika limechelewa. Dereva wake ni Veska, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili.

"We Deni!" aliniita kabla hajazima injini. "Mumeo ana moyo wa dhahabu, lakini mwulize, hao trafiki wako wapi?"

"Trafiki gani?"

"Anaotuonya! Kila tukipishana ananipigia mataa fulu, mimi natambaa kilomita sita nimefunga mkanda kama bibi harusi kwenye gauni la kubana, nachungulia kila kichaka. Hakuna mtu! Barabara nzima inatambaa. Mwalimu wa hesabu kafunga mkanda, Deni, yule hajafunga tangu azaliwe. Mikate inafika baridi!"

Nilicheka mpaka mkate ukanidondoka. Kisha nikaacha kucheka, nikauokota, nikarudi nyumbani nikifikiri.

Jioni darasani nikamwuliza mwalimu wa fizikia. Akachora ubaoni bakuli la taa, lile la kung'aa linalokaa nyuma ya balbu, akaonyesha mahali mwanga unapopaswa kuanzia. "Bakuli linatengenezwa kwa balbu yake," alisema. "Ukiiweka ya aina nyingine, mwanga unaanzia pasipo pake, unaruka kila upande, unampofusha mwenzako. Ni kama kuvaa miwani ya jirani. Utaona kitu, ndiyo, ila usiendeshe." Nikanakili mchoro wote. Lakini nilijua Lyuben mchoro hautamgusa. Ilibidi akutane na taa zake uso kwa uso.

Ijumaa Bibi Tsonka alihitaji kupelekwa kijiji cha chini kwenye kinu, achukue gunia la mahindi na kunolewa shoka, kisha ashuke mjini kwa manunuzi ya sikukuu. Marehemu mumewe alimwachia kigari kidogo cheupe, na Lyuben ndiye humwendeshea.

"Nenda naye," nikamwambia. "Mimi nitachukua letu nimlete Raya kutoka chekechea."

"Utaona watakavyokusalimia," alisema, akanikabidhi funguo kwa mikono miwili.

Na kweli nilisalimiwa. Tulipoondoka mjini saa kumi na moja ilikuwa tayari giza. Kila gari lililokuja mbele lilinipigia taa, likanywea, likapita polepole kama linapita msibani. Raya nyuma alikuwa akiwapungia wote. Ndani ya msitu, baada ya kona ya pili, nikaona taa mbili ndogo za njano zikija kwa kuyumbayumba. Nikazijua.

Yaliyotokea ndani ya kigari kile nimesimuliwa na Bibi Tsonka mara tisa sasa, na kila mara shoka linakuwa kubwa zaidi. Wanakuja zao, Lyuben anapiga mluzi, shoka liko mapajani mwa bibi. Ghafla kona yote inakuwa nyeupe.

"Trafiki!" Lyuben anapiga kelele. "Bibi, funga mkanda!"

"Trafiki gani? Hilo ni jua!"

"Huoni anavyotupigia taa? Funga mkanda, na hilo shoka ficha!"

"Nifiche wapi, ndani ya soksi?"

Lyuben akapiga breki. Gunia likapasuka, mahindi yakamwagikia kisogoni mwake. Huku haoni kitu, akanipigia taa mara mbili za shukrani, akanyoosha mkono dirishani akanipungia kwa heshima zote, na kigari kikateremka taratibu kabisa kwenye mtaro, kikalala ubavu kidogo kama ng'ombe aliyechoka.

Nikasimama, nikashuka nikikimbia. Wote wazima. Lyuben alikuwa amefumba macho, punje za mahindi nywele nzima.

"Asante ndugu," aliniambia. "Wako wapi? Ni wawili au watatu?"

"Lyuben, ni mimi."

Akafumbua jicho moja. "Deni? Mbona umenipigia fulu?"

"Sijakupigia. Hizo ndizo za chini."

"Umenipigia. Nimeona kabisa, zimepepesa."

"Nimeruka shimo, Lyuben. Gari likiruka zinapepesa."

Akaligeukia gari letu la kijani, akainua kiganja kukinga macho, akalitazama kwa muda mrefu kupitia vidole. Msitu ulikuwa mweupe mpaka vileleni. Juu kabisa ya msonobari mmoja bundi alikuwa ametukodolea macho kwa chuki.

"Kwa hiyo wale wote..." alisema.

"Wote."

"Hata basi?"

"Hata basi."

"Alininyooshea dole gumba."

"Alikuwa anakushukuru kwa trafiki."

Bibi Tsonka alikuwa anapapasa hewa kwa mkono mmoja, mwingine umelikumbatia shoka. "Mimi naona nyota za kijani tu," alisema. "Hebu niambieni, hizi ndizo zinazoingia kwenye banda langu kila jioni?"

Ningeweza kujibu mimi. Nikamwachia. Lyuben alikung'uta punje moja sikioni, akaitazama kiganjani.

"Ndizo, Bibi. Jogoo wako saa yake ni nzima. Iliyoharibika ni yangu."

Nilimshika mkono. Vidole vilikuwa baridi. "Uliziweka kwa ajili yetu," nikamwambia. "Hilo wala halijaharibika."

"Tutaona kesho jioni," Bibi Tsonka alisema, akijaribu kushuka garini kwa upande usio na mlango. "Mimi maneno nimeyasikia mengi. Nitaamini nikisikia kimya."

*

Usiku ule ule Lyuben alizitoa balbu zile, safari hii kwa mikono mitupu, akarudisha zile za zamani. Kisha akaegesha gari mbele ya ukuta wa ghala, nikamsomea kutoka daftarini mwalimu alivyosema taa zinavyopimwa urefu ukutani, naye akazungusha skrubu mpaka mwanga ukakaa chini, sawa, unaangalia barabara badala ya mbingu. Tulisimama tukitazama. Ulikuwa mwanga mzuri, kusema kweli, mara mbili ya ule wa chai ya jana. Kumbe dawa ya meno ndiyo iliyokuwa imefanya kazi ya maana.

"Ya stroberi ndiyo kali zaidi," Lyuben alisema. Kwa mbali, mluzi ukaanza kurudi.

Jumamosi, siku ya Mtakatifu Ignati, mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye huleta bahati ya nyumba na ya banda, na Bibi Tsonka alikuwa ameshaamua ni nani. Saa moja asubuhi alimwita Lyuben, akamkalisha, kama ilivyo desturi, juu ya nyasi kavu katikati ya jikoni, achuchumae kama kuku mwenye mayai.

"Lia."

"Kokoo," alisema Lyuben.

"Hapo hakuna yai. Lia!"

"Kokoo, kokoo, kokokoo!"

"Panua mabawa. Umenipotezea mayai ya wiki nzima, unilipe." Akammwagia ngano kichwani, na nafikiri alimwagia zaidi ya desturi. Raya alicheka mpaka akapata kwikwi. Lakini akiwa katikati ya kicheko alitazama mlangoni akanishika sketi, maana shoka lilikuwa bado limeegemea pale, limenolewa, linang'aa, na kando yake sufuria kubwa.

"Akiwika leo jioni," Bibi Tsonka alisema alipoona tunatazama wapi, "sikukuu hii ina supu."

Ilipofika saa kumi na mbili Lyuben alikwenda na gari mpaka dukani, hana cha kununua, ili arudi kama anavyorudi kutoka kazini. Sisi watatu tulisimama kando ya banda gizani, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Raya alikuwa kanishika kidole kwa nguvu zake zote. Bibi Tsonka alikuwa na shoka mkononi, ila nililiona limeshikwa kwa upande usiokata, na ndani ya mfuko wa aproni yake palichomoza kipande cha mkate.

Tukasikia injini. Taa zikapinda kona, zikapanda kijia, za njano, za chini, zikafagia mawe na nyasi zenye barafu, zikafika kwenye ukuta wa banda chini kabisa ya kidirisha, zikaishia hapo. Lyuben akazima injini. Hakushuka. Nilimwona ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

Tukasubiri. Ndani ya banda kuku mmoja alijisogeza kwenye kijiti chake, akaguna, akatulia.

Bibi Tsonka alikuwa ametega sikio lake zima. Raya aliachia kidole changu, akaenda kwenye kidirisha, akasimama kwa ncha za viatu, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akatugeukia, akasema kwa sauti ili na baba yake asikie kule garini:

"Doncho amelala."